François Coty: Yatima aliyeyatoa manukato kwa matajiri na kuyafikisha kwa mtu wa kawaida

Na Mwandishi Wetu

KATIKA maduka ya vipodozi, na hata kwenye meza za wamachinga, manukato ni bidhaa isiyokosekana. Ipo chupa ya bei kubwa inayowekwa juu kabisa, na chini yake zipo zile ndogo ambazo karani, mwalimu au kijana wa saluni anaweza kuzimudu kwa matumizi ya kila siku. Nyingi zina majina ya kampuni za mitindo ya nguo zinazojulikana dunia nzima.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita hali haikuwa hivyo. Barani Ulaya manukato mazuri yalikuwa ya watu wenye nazo. Yaliuzwa kwenye maduka machache ya Paris, katika chupa za kawaida za duka la dawa, na mke wa fundi au wa karani aliyanusa tu pale bibi mwenye mali alipompita njiani.

Aliyeligeuza soko hilo ni mtu ambaye hakuzaliwa katika ukoo wa watengeneza manukato na hakusomea kemia. Jina lake ni François Coty, Mfaransa kutoka kisiwa cha Corsica. Maisha yake yana mafunzo mawili kwa mfanyabiashara mdogo na mkulima: namna ya kulijenga soko pale ambapo wengine hawalioni, na namna mali kubwa inavyoweza kuponyoka mikononi mwa mwenyewe.

Utoto wa shida

Coty alizaliwa Mei 3, 1874 katika mji wa Ajaccio, Corsica, mji ule ule alikozaliwa Napoleon Bonaparte. Jina lake la kuzaliwa ni Joseph Marie François Spoturno. Aliwapoteza wazazi wake akiwa bado mdogo, akalelewa na bibi zake katika hali ya kipato kidogo.

Ujana wake aliupitia Marseille, mji wa bandari kusini mwa Ufaransa, akifanya kazi za kawaida za biashara. Baada ya utumishi wa jeshi alikwenda Paris, ambako alipata kazi ya ukatibu kwa Emmanuel Arène, mwanasiasa na mwandishi aliyetoka Corsica kama yeye. Kazi hiyo haikuwa na mshahara mkubwa, lakini ilimfungulia milango. Alijifunza namna watu wa juu wanavyovaa, wanavyozungumza na wanavyotumia fedha zao.

Mwaka 1900 alimwoa Yvonne Alexandrine Le Baron, binti aliyekuwa akifanya kazi ya kutengeneza kofia za wanawake. Mwaka huo huo Paris ilifanya maonyesho makubwa ya dunia. Mabanda ya manukato yalikuwepo, na kijana huyo aliona jambo ambalo wenye mabanda hawakuliona: bidhaa ilikuwa nzuri, lakini iliwekwa kizamani, katika chupa zisizovutia.

Alianzia duka la dawa la rafiki

Wakati huo wauza dawa wa Paris walikuwa na desturi ya kuchanganya wenyewe marashi mepesi ya kolonya nyuma ya duka. Coty alikuwa na rafiki mwenye duka la namna hiyo, Raymond Goery. Siku moja alijaribu kuchanganya mwenyewe, na rafiki yake akagundua kwamba kijana huyo ana pua ya kipekee.

Hapo ndipo wengi wangekimbilia kufungua duka. Coty hakufanya hivyo. Alifunga safari hadi Grasse, mji mdogo wa milimani kusini mwa Ufaransa ambao kwa karne nyingi umeishi kwa kilimo cha maua ya manukato, akaomba kujifunza katika kampuni ya Chiris, mojawapo ya makampuni makubwa ya usindikaji.

Grasse ilimfundisha biashara hii kuanzia shambani. Asumini huchumwa alfajiri, kabla jua halijakausha harufu yake. Kilo moja ya asumini ina maua kati ya 8,000 na 10,000, na yote huchumwa kwa mkono, moja moja. Ili kupata kilo moja ya kiini safi cha asumini zinahitajika kilo 600 hadi 700 hivi za maua. Kwa waridi, kilo moja ya mafuta yanayopatikana kwa mvuke huhitaji zaidi ya tani tatu za maua.

Msomaji anaweza kukisia gharama yake. Ndiyo maana manukato yalikuwa ya matajiri.

Lakini Chiris walikuwa na mbinu mpya. Badala ya kuchemsha maua kwa mvuke, ambao huharibu harufu ya asumini, au kuyalaza juu ya mafuta ya wanyama kama ilivyokuwa zamani, waliyalowesha katika kimiminika kinachoyeyusha harufu kisha kuruka chenyewe kama petroli. Kinachobaki ni nta yenye harufu, ambayo husafishwa kwa spiriti hadi kupata kiini chenye nguvu. Njia hiyo ilifaa kwa kazi kubwa ya kiwandani.

Jambo la pili alilolikuta lilitoka maabara. Mwaka 1874, mwaka aliozaliwa Coty, wanakemia wa Ujerumani walifanikiwa kutengeneza vanilini, yaani harufu ya vanila, bila kutumia vanila. Mwaka 1893 ikapatikana ionone, inayotoa harufu ya ua la urujuani ambalo mafuta yake ya asili yalikuwa ghali mno. Watengenezaji wakongwe walizitumia kemikali hizo kwa woga. Coty aliona wazi kwamba tone la kiini cha ua likichanganywa na harufu ya maabara hutoa manukato yenye nguvu zaidi, kwa gharama ndogo zaidi.

Karafuu za Zanzibar nazo zilikuwemo

Mkulima wa pwani yetu hakuwa nje ya biashara hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikitoa sehemu kubwa ya karafuu za dunia. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho eujenoli, ambacho watengeneza manukato hukitumia kupata harufu ya ua la karnesheni, na viwanda vya wakati ule vilikigeuza pia kuwa vanilini.

Kwa hiyo karafuu iliyoanikwa kwenye mkeka Pemba iliweza kuishia ndani ya chupa Ulaya au Marekani, huku mkulima akilipwa kwa uzito wa karafuu kavu tu. Katika miaka ya 1930 viwanda vilianza kupata vanilini kutokana na mabaki ya miti ya kutengenezea karatasi, na soko hilo la karafuu likapungua. Anayeuza mali ghafi peke yake huwa wa mwisho kupata habari, na wa kwanza kuumia.

Chupa iliyovunjika dukani

Coty alirudi Paris, akapata mkopo wa familia na kuanza kazi nyumbani kwake, mtaa wa La Boétie. Chumba kimoja kikawa karakana. Yeye alichanganya, mkewe akasaidia kufungasha na kufunga utepe kwenye chupa. Kibiashara alichagua jina la Coty, kutokana na jina la ukoo wa mama yake, kwa kuwa ni fupi na rahisi kutamka.

Mwaka 1904 alitoa manukato yake ya kwanza makubwa, La Rose Jacqueminot, yaliyopewa jina la aina ya waridi jekundu. Alizunguka nayo mwenyewe mtaa kwa mtaa kama machinga, na maduka mengi yalimkatalia.

Kuna kisa kinachosimuliwa tangu enzi hizo. Inasemwa kwamba alipokataliwa katika duka kubwa la Grands Magasins du Louvre, chupa ilimponyoka, au aliiachia kwa makusudi, ikavunjika kwenye kaunta. Harufu ilipoenea, wanawake waliokuwa dukani walisogea kuulizia, na mnunuzi wa duka akabadili msimamo papo hapo. Wapo wanaosema baadhi ya wanawake hao walikuwa wamepangwa.

Iwe ilikuwa bahati au mbinu, manukato hayo yalimtoa. Mteja alikuwa amenusa kabla ya kulipa.

Mwaka 1905 alitoa L'Origan, mchanganyiko wa maua na viungo ambao ulivuma sana na kuigwa na wakongwe wa fani. Mwaka 1917 ikafuata Chypre, yenye jina la Kifaransa la kisiwa cha Cyprus. Iliunganisha harufu ya machungwa, utomvu na kuvu ya mti wa mwaloni, na hadi leo kundi zima la manukato ya aina hiyo huitwa kwa jina hilo. Mwaka 1921 ikaja Emeraude.

Chupa nzuri, bei tofauti

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Coty aliamini kwamba hata chema kinahitaji kuvalishwa. Kanuni yake ilikuwa rahisi: mteja apewe bidhaa bora, katika chombo kizuri, kwa bei ya wastani, na hapo biashara itakuwa kubwa kuliko yoyote iliyowahi kuonekana.

Chupa zake za mwanzo zilitoka Baccarat, kiwanda mashuhuri cha vioo, lakini zilikuwa ghali. Jirani wa duka lake alikuwa René Lalique, sonara hodari aliyekuwa ameanza kazi ya vioo. Kuanzia mwaka 1908 hivi Coty alimpa kazi ya kubuni lebo na chupa. Lalique alitumia kalibu za kukandamiza kioo, hivyo chupa yenye michoro mizuri iliweza kutengenezwa kwa maelfu badala ya moja moja.

Hapo ndipo Coty alipofanya jambo lililobadili biashara. Harufu ile ile aliiweka katika ngazi tofauti. Tajiri alinunua chupa kubwa ya fahari ndani ya kasha la ngozi. Mke wa karani alinunua chupa ndogo, ya kawaida zaidi, kwa bei anayoiweza. Mama anayeuza mafuta ya kula ya kupima anaijua kanuni hii: asiyeweza kununua lita anaweza kununua kikombe, na wanunuzi wa vikombe ni wengi kuliko wa lita.

Aliongeza pia bidhaa zinazofuatana. Anayependa L'Origan aliweza kupata poda, sabuni na losheni zenye harufu hiyo hiyo, au kuzikuta zote ndani ya kasha moja la zawadi. Mteja mmoja akawa ananunua mara nne.

Ili kushika gharama, alijenga eneo zima la viwanda huko Suresnes, nje kidogo ya Paris, lililoitwa Mji wa Manukato. Huko walifanya kazi maelfu ya watu, wengi wao wanawake. Alianzisha pia utengenezaji wake wa chupa na makasha, ili faida isibaki kwa wauzaji wa vifungashio.

Kuvuka bahari

Marekani alianza mapema. Mwaka 1912 kampuni yake ya huko ilikuwa tayari New York, na jengo lake la Fifth Avenue lilipambwa kwa vioo vya Lalique ambavyo vipo hadi leo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, askari wa Kimarekani waliokuwa Ufaransa walitaka kurudi na zawadi kwa mama, wake na wachumba zao. Vikasha vya Coty vilikuwa vyepesi, vizuri, na vya bei ambayo askari angeiweza. Kila kimoja kiliingia Marekani kama tangazo lisilolipiwa.

Ushuru wa Marekani kwa manukato yaliyokamilika ulikuwa mkubwa. Coty alipeleka viini, chupa na makasha kila kimoja peke yake, kisha bidhaa ikakamilishwa huko huko. Ni mbinu ile ile inayotumiwa na waagizaji wa baiskeli na pikipiki zinazokuja zikiwa vipande.

Kufikia miaka ya 1920 jina la Coty lilikuwa kwenye meza za kujipambia katika nchi nyingi, na mwenyewe alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani. Chanel No. 5 ilipotikisa soko kuanzia mwaka 1921, Coty alijibu mwaka 1927 kwa L'Aimant, manukato ya mwelekeo huo kwa bei ya mtu wa kawaida.

Siasa, talaka na anguko

Mtu aliyejua kuuza karibu kila kitu hakujua mahali pa kuishia. Alinunua na kujenga majumba ya kifahari, likiwemo kasri la Artigny katika bonde la mto Loire. Alitoa fedha kwa marubani, wakiwemo Costes na Bellonte waliovuka bahari kutoka Paris hadi New York mwaka 1930.

Kisha akaingia siasa. Mwaka 1922 alilishika gazeti la Le Figaro. Mwaka 1923 alichaguliwa kuwa seneta wa Corsica, lakini uchaguzi huo ulibatilishwa. Mwaka 1928 alianzisha gazeti la L'Ami du Peuple, maana yake rafiki wa watu, akaliuza sentimu 10 wakati mengine yaliuzwa 25. Ilikuwa kanuni yake ya manukato, ila safari hii alikuwa akiuza chini ya gharama, na hasara aliijaza kutoka mfukoni.

Kibaya zaidi ni kilichokuwa ndani ya magazeti hayo. Coty aliyatumia kueneza chuki dhidi ya Wayahudi na kuusifu utawala wa kimabavu wa Mussolini nchini Italia. Mwaka 1933 alifadhili kikundi cha mrengo huo kilichoitwa Solidarité Française. Mwaka 1931 alikuwa ameshakuwa meya wa Ajaccio, lakini heshima yake Paris ilikuwa imeporomoka, na wateja wengi walichukizwa.

Nyumbani nako kulikuwa kumevunjika. Alikuwa na wanawake wengi wa nje, na mwaka 1929 Yvonne, aliyefunga naye utepe kwenye chupa za kwanza, alipewa talaka mahakamani. Coty alitakiwa kumlipa mamilioni mengi ya faranga kwa awamu. Mwaka huo huo soko la hisa la New York lilianguka, na utajiri wake mwingi ulikuwa kwenye hisa.

Awamu ya mwisho ilimshinda. Mahakama zikasimama upande wa mkewe wa zamani, na umiliki wa sehemu kubwa ya mali, pamoja na Le Figaro, ukamtoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Coty alikuwa na madaftari ya kiwanda, lakini hakuwa na daftari lililotenganisha fedha za kampuni, za siasa na za starehe.

Alifariki Julai 25, 1934 nyumbani kwake Louveciennes, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 60, na akazikwa Ajaccio. Mtu aliyekuwa tajiri wa kutajwa duniani aliondoka akiwa amepoteza udhibiti wa sehemu kubwa ya alichokijenga.

Jina lilibaki

Kampuni haikufa naye. Mwaka 1963 familia iliiuza kwa Pfizer ya Marekani, na mwaka 1992 ikanunuliwa na kampuni ya Kijerumani ya Benckiser. Tangu hapo ilikua kwa njia ambayo Coty angeielewa haraka: kununua haki ya kutengeneza manukato kwa majina ya watu na kampuni nyingine.

Mwaka 2005 ilichukua kutoka Unilever biashara ya manukato yenye jina la Calvin Klein, na mwaka 2016 ikachukua kutoka Procter & Gamble manukato kadhaa, yakiwemo ya Hugo Boss. Wengi hawajui kwamba nyumba nyingi za mitindo hazitengenezi manukato zenyewe. Hukodisha jina kwa leseni, na anayetengeneza ni kampuni nyingine. Mshona suti anapata mrabaha, na mteja asiyeweza kununua suti anaondoka na chupa ndogo yenye jina lile lile.

Mafunzo kwa mkulima na mfanyabiashara

Kwanza, Coty alijifunza kabla ya kukopa. Alikwenda Grasse akaijua bidhaa kuanzia shambani, ndipo akatafuta mtaji.

Pili, faida kubwa haikuwa kwenye ua. Mchumaji wa asumini alilipwa kwa kilo, na mwenye chupa, lebo na jina akachukua kilichobaki. Pemba kuna kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo ya karafuu, na jirani zetu wa Comoro wanakamua mafuta ya langilangi yanayohitajika sana na watengeneza manukato. Kikundi cha wakulima wa mchaichai au karafuu kinachoweza kukamua mafuta, kuyapima na kuyauza yakiwa safi kinapanda ngazi moja juu ya anayeuza majani na makonyo.

Tatu, bei ndogo haina maana ya bidhaa mbovu. Coty alipunguza ujazo na mapambo ya kasha, hakuiharibu harufu. Anayeongeza maji kwenye asali au kwenye marashi anauza mara moja tu.

Nne, mteja aonje au anuse. Chupa moja ya kuonjesha kwenye kaunta huweza kuuza kuliko maneno ya siku nzima.

Tano, na pengine ndilo kubwa kuliko yote, fedha ya biashara si fedha ya mwenye biashara. Mshirika aliyeanza nawe katika chumba kimoja ana haki yake, na ni heri iandikwe mapema kuliko kuja kuamuliwa mahakamani. Coty alijua thamani ya kila tone lililotoka Grasse, lakini hesabu ya nyumbani kwake hakuipiga hadi alipopigiwa na wengine.